Umepewa rufaa? Mlo na malazi ya njiani ni sehemu ya tiba

Kwa mkazi wa Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama mkoani Singida, barua ya rufaa maana yake ni safari. Utashuka hadi Iguguno kushika barabara kuu ya kwenda Singida mjini, au utaelekea Haydom, mkoani Manyara. Tatizo likiwa kubwa zaidi, safari inaendelea hadi Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma, KCMC Moshi, Bugando Mwanza, au Dar es Salaam kwenye Muhimbili, Ocean Road na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Familia nyingi hujiandaa vizuri kwa mambo matatu: nauli, kadi ya bima na mtu wa kumsindikiza mgonjwa. Jambo la nne husahaulika. Mgonjwa atakula nini na atalala wapi siku hizo mbili au tatu kabla ya kumwona daktari?

Usilichukulie kuwa dogo. Mgonjwa wa kisukari aliyetunza sukari yake kwa miezi kadhaa anaweza kufika hospitali ikiwa imepanda mno kwa sababu ya soda na chapati za njiani. Mwingine anaweza kuzimia ndani ya basi kwa sababu alichoma insulini halafu chakula kikachelewa. Upasuaji unaweza kuahirishwa kwa kuwa presha imekataa kushuka. Mtoto aliyetoka nyumbani na tatizo moja anaweza kufika na la pili: kuhara na kuishiwa maji.

Habari njema ni kwamba huhitaji chakula maalumu cha kubeba kutoka nyumbani kwa safari nzima. Kila mkoa unaopita una hoteli, na kila hoteli ina kitu kinachomfaa mgonjwa. Kwa neno hoteli nina maana ile tuliyoizoea, kuanzia banda la mama lishe stendi hadi jengo la ghorofa lenye mapokezi. Kazi yako ni kujua uagize nini na uache nini.

Anza asubuhi na mayai

Kifungua kinywa cha hoteli zetu nyingi ni chai yenye sukari nyingi, chapati mbili au maandazi, na pengine supu. Kwa mwenye kisukari, chai na chapati hiyo ni wanga na sukari kwa pamoja, na sukari ya damu hupanda ndani ya muda mfupi.

Angalia tena orodha ya chakula. Hoteli na gesti nyingi za mijini zina kitu wahudumu wanachokiita "Spanishi", yaani omleti ya Kihispania: mayai yaliyokaangwa pamoja na kitunguu, nyanya na pilipili hoho. Kwa mgonjwa wa kisukari au presha, hicho ni kifungua kinywa kizuri kuliko maandazi, mradi useme mapema: "Mafuta kidogo, chumvi usiweke." Ongeza kipande kimoja cha mkate au kiazi kilichochemshwa, na chai isiyo na sukari. Yai liive hadi katikati, hasa kama mlaji ni mtoto, mjamzito au mtu mwenye kinga dhaifu.

Hata hivyo, ukifika Hispania kwenyewe ukaagiza omleti ya huko, utaletewa mayai yaliyopikwa pamoja na viazi. Ukiitazama utasema ni chipsi mayai. Tofauti kubwa kwa afya iko kwenye mafuta na kwenye kiasi. Chipsi mayai za stendi hukaangwa mara mbili, mara nyingi kwa mafuta yaliyotumika tangu asubuhi, kisha humwagiwa chumvi na tomato sosi. Mafuta yanayochemshwa tena na tena huharibika na kutoa kemikali zisizofaa kwa moyo na mishipa. Ukiyaona yamekuwa meusi na yanatoa moshi, acha. Tafuta hoteli nyingine.

Sahani ya Hispania ipo Mkalama

Kuna sababu nyingine ya kuitaja Hispania. Ni nchi iliyofanya moja ya tafiti kubwa duniani kuhusu chakula na moyo. Watu 7,447 wenye umri kati ya miaka 55 na 80, waliokuwa katika hatari ya kupata maradhi ya moyo, walifuatiliwa kwa miaka kadhaa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013, yakachambuliwa upya na kuchapishwa tena mwaka 2018 baada ya kasoro kugundulika katika namna baadhi ya washiriki walivyopangwa kwenye makundi. Jibu halikubadilika sana. Waliokula mlo wa asili wa ukanda ule wakiongeza mafuta ya zeituni au karanga na jamii yake walipata mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya maradhi hayo pungufu kwa takriban asilimia 30, wakilinganishwa na walioshauriwa tu kupunguza mafuta.

Mlo huo una nini? Mboga nyingi, kunde za aina mbalimbali, dengu, samaki, matunda, vitunguu, nyanya na mafuta ya mimea. Nyama nyekundu, soda na vitu vitamu huwa kidogo.

Sasa tazama sokoni Nduguti au Singida mjini. Vitunguu vipo tele, dengu na kunde zipo, mlenda upo, kuku wa kienyeji yupo, na mafuta ya alizeti ndiyo sifa ya mkoa. Alizeti yenyewe asili yake ni Amerika Kaskazini. Wahispania ndio walioipeleka Ulaya katika karne ya 16, ikasambaa dunia nzima. Mafuta yake si sawa kabisa na ya zeituni, lakini yote mawili ni ya mimea na hayana mafuta mengi yanayoganda. Kwa hiyo usifikiri kwamba mlo wa kulinda moyo ni wa matajiri au wa nchi za mbali. Viungo vyake umeviacha nyumbani unapopanda basi. Tatizo ni kwamba njiani tunaagiza kinyume chake.

Mkoa kwa mkoa: agiza hiki, ogopa kile

*Singida.* Agiza kuku wa kienyeji wa mchuzi au wa kuchoma badala ya wa kukaanga, pamoja na ugali wa mtama au uwele ukipatikana, na mlenda. Wenye presha waulize kwanza kama mlenda au maharage yamewekewa magadi. Magadi yana sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi, hivyo mwili huihesabu kama chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Sahani moja ya hoteli inaweza kukumalizia kiasi hicho.

*Dodoma.* Hapa kuna nyama choma ya mbuzi, mlenda na zabibu. Nyama ile vipande vichache, ukiepuka kichovyeo cha chumvi, na uongeze mboga. Zabibu ni tunda zuri, lakini kwa mwenye kisukari kiganja kimoja kinatosha.

*Manyara, Arusha na Kilimanjaro.* Ukienda KCMC kwa basi utapita Katesh, Babati na Arusha. Makande, yaani mahindi na maharage, ni chaguo zuri kwa sababu hushibisha na hayapandishi sukari kwa kasi kama wali mweupe. Mtori ni mlaini na unamfaa mtoto au mzee asiye na meno. Lakini mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu aogope mtori, kwa kuwa ndizi zina potasiamu nyingi. Maziwa kunywa yaliyochemshwa tu. Mabichi yanaweza kukuambukiza brusela, ugonjwa wa homa za kujirudia na maumivu ya viungo.

*Mwanza.* Agiza mchemsho wa sato: samaki, viazi kidogo, karoti, hoho na kitunguu vilivyochemshwa pamoja. Kwa wagonjwa wengi wa moyo, presha na kisukari, huu ni miongoni mwa milo bora ya hoteli za Tanzania. Sema tu usitiwe chumvi nyingi wala viungo vya pakiti.

*Morogoro, Pwani na Dar es Salaam.* Morogoro mabasi mengi husimama, na matunda hupitishwa hadi dirishani. Nunua unalolimenya mwenyewe, kama chungwa au ndizi, si lile lililokatwa na kufungwa kwenye mfuko wa plastiki. Ukifika pwani, wali wa nazi ni mtamu, lakini nazi ina mafuta mengi yanayoganda. Mwenye lehemu nyingi ale kidogo, au aagize wali wa kawaida na samaki wa kuchoma. Madafu humpoza mtu mzima mwenye afya, ila mgonjwa wa figo asiyaguse bila kumuuliza daktari wake. Sababu ni ileile ya potasiamu, inayoweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Popote uwapo, panga sahani hivi: nusu iwe mboga, robo iwe nyama, samaki au maharage, na robo iwe ugali, wali au ndizi. Hoteli zetu hufanya kinyume, zikajaza wanga na kuweka mboga ya kuonja. Usione haya kusema, "Niletee ugali nusu, mboga mara mbili." Soda waachie wengine. Chupa moja ya kola ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai.

Kwa wanaotumia warfarini, hasa waliowekewa vali za bandia kwenye moyo, tahadhari ni tofauti kidogo. Mboga za majani zina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Hukatazwi kuzila. Unachotakiwa ni kula kiasi kilekile ulichozoea nyumbani, usiziache ghafla wala usizidishe ghafla.

Saa ya dawa na saa ya basi

Basi haliangalii saa yako ya dawa. Kwa hiyo ratiba uipange wewe.

Kama unatumia insulini ya kabla ya chakula, usiichome mpaka uwe na hakika kwamba chakula kipo tayari. "Tunakaribia kusimama" ya kondakta si chakula. Wanaomeza vidonge kama glibenklamidi nao wako katika hatari hiyo ya sukari kushuka mlo ukichelewa.

Ukianza kutetemeka, kutokwa jasho, njaa ya ghafla au kuchanganyikiwa, pima. Ikiwa mashine inasoma chini ya 4, au kama huna mashine lakini dalili unazijua, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, unywe. Subiri dakika 15, pima tena, na urudie kama bado iko chini. Kisha kula kitu kinachodumu tumboni, kama ndizi au mkate. Anayekusindikiza aonyeshwe hayo kabla hamjaondoka Nduguti. Ukishazimia, asikumiminie kitu mdomoni. Akulaze ubavu na akukimbize kituo cha afya.

Insulini usiiweke kwenye buti la basi wala juu ya dashibodi kwenye jua. Chupa unayoitumia hukaa salama kwa takriban wiki nne mahali pasipozidi nyuzi joto 30. Iviringishe kwenye kitambaa kikavu, iweke ndani ya chombo, na kwa nje zungushia kitambaa chenye unyevu. Ukifika gesti, uliza kama mapokezi pana friji, lakini isikae kwenye sehemu ya kugandishia. Insulini iliyoganda haifai tena.

Kuna kosa jingine linalofanywa kimyakimya. Wagonjwa wa presha na moyo huruka dawa ya kukojoza siku ya safari kwa kuogopa kusimamisha basi. Wengine hawanywi maji kutwa nzima. Usiruke dawa. Muulize daktari kabla ya safari kama unaweza kuimeza mchana au jioni ukifika. Basi likisimama ili watu wachimbe dawa, shuka na utembee hata dakika tano. Kukaa bila kunyoosha miguu kwa saa nyingi huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, hasa kwa wajawazito na waliofanyiwa upasuaji karibuni.

Ukisafiri na mtoto

Mtoto wa chini ya miezi sita ana hoteli yake tayari: ziwa la mama. Asipewe maji, juisi wala uji wa njiani. Anayekula apewe chakula cha moto kilichopikwa muda huohuo. Wali uliopikwa asubuhi ukakaa bila friji hadi jioni unaweza kuwa na sumu ya bakteria, na kuupasha moto hakuiondoi.

Dirishani mwa basi, Singida na Dodoma, utauziwa vitu vitatu vya kuwa navyo makini. Asali ya Singida ni nzuri, lakini mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilambishwe hata kidogo. Inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ya kupoozesha misuli ya mtoto mchanga. Karanga na korosho nzima zinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitano, hasa basi likirushwa na tuta. Zabibu nazo zikate kwa urefu, vipande vinne, kabla ya kumpa.

Beba pakiti mbili au tatu za ORS na vidonge vya zinki. Mtoto akianza kuhara, changanya ORS na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Zile kubwa huchanganywa na lita moja. Wa chini ya miaka miwili mpe mililita 50 hadi 100 kila anapohara. Mkubwa zaidi mpe 100 hadi 200, kidogokidogo kwa kikombe au kijiko. Zinki huendelea kwa siku 10 hadi 14 hata akipona mapema. Aliye na miezi sita na kuendelea hupewa miligramu 20 kwa siku, na mdogo zaidi ya hapo miligramu 10.

Lakini akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea, macho yakidumbukia au kinyesi kikiwa na damu, shuka. Kama mko karibu na Manyoni, shuka Manyoni, usisubiri Dodoma. Nauli inapatikana tena.

Mtoto mwenye selimundu apewe maji mara kwa mara na avalishwe vizuri. Upepo wa dirishani na kiu vinaweza kuamsha maumivu makali. Dawa zake za kila siku zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi lililo butini.

Chumba cha kulala

Chagua gesti iliyo karibu na hospitali kuliko ile ya bei ndogo iliyo mbali, kwani tofauti ya bei huishia kwenye bodaboda. Kabla ya kulipa, ingia uone mambo manne: maji yanatoka, choo ni kisafi, chandarua hakina matundu, na dirisha linafunguka.

Chandarua ni muhimu zaidi ukitoka nyanda za Singida kwenda mikoa yenye malaria nyingi, kama Kagera, Geita, Tabora na Mtwara. Mtoto mdogo, mjamzito na mgonjwa wa selimundu wasilale usiku hata mmoja bila chandarua.

Na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani, iwe kwa kupika uji wa mgonjwa au kwa kuota moto miezi ya baridi ya Juni na Julai. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini. Uji agiza jikoni, na maji ya moto yaweke kwenye chupa ya chai.

Usiku wa mwisho kabla ya hospitali

Soma tena barua na kadi ya miadi. Je, umeambiwa uje bila kula? Vipimo kama sukari ya asubuhi na baadhi ya vipimo vya tumbo huhitaji hivyo, na upasuaji wa dawa ya usingizi pia. Kwa watoto, saa za kukaa bila chakula, bila maziwa ya mama na bila maji huwa tofauti, kwa hiyo uliza hospitali yenyewe upewe saa kamili. Mtoto asilazwe na njaa tangu jioni bila sababu, wala asipewe chai asubuhi kwa kumhurumia. Tumbo likiwa na chakula, kinaweza kuingia kwenye mapafu wakati wa usingizi wa dawa. Mwenye kisukari anayekaa bila kula aulize pia dawa ipi aache na ipi aendelee nayo.

Mwisho, chukua karatasi uandike ulichokula, dawa ulizomeza na saa zake tangu ulipotoka nyumbani. Daktari wa Dodoma au Moshi hakukuona ukipanda basi Nduguti. Karatasi hiyo itamsaidia kujua kama sukari au presha anayoiona ni ya ugonjwa wako, au ni ya chapati ya jana stendi.

Ushauri huu ni wa jumla. Kabla ya kuanza safari, pitia kwa mganga aliyekuandikia rufaa umuulize swali moja: "Kwa ugonjwa wangu, njiani nile nini na nisile nini?" Safari njema.